Mwacheni Roman Apige Simu

Uko barabarani, mvua inanyesha, umetoka kwenye misheni iliyokula dakika ishirini na risasi zote, unachotaka ni kufika kitandani useivu basi, mara simu ya Niko inaita na jina linalotokea ni Roman. Anataka mkacheze boulingi, ule mchezo wa kuvingirisha tufe kuangusha pini. Sio kesho wala jioni, sasa hivi. Kila aliyewahi kushika padi ya GTA IV (Grand Theft Auto IV), gemu ambayo unacheza kama Niko na Roman ni ndugu yake, anaijua hiyo simu, wengine ukiwatajia jina la Roman tu wanasonya, na mtandaoni imeshakuwa utani mkubwa kiasi kwamba kuna madogo hawajawahi kuicheza hiyo gemu hata dakika moja lakini utani wa boulingi wanao kichwani.

Mi niko upande wa Roman. Najua hii kauli itanitia matatani na washkaji niliokua nao, maana kwenye kundi letu mimi tu ndo nasema GTA IV ni bora kuliko San Andreas, ile GTA ya zamani zaidi, wengine wote wananiona nimerogwa. Lakini nimeicheza mara tano toka mwanzo mpaka mwisho, na kila nikirudi naona yale yale tuliyokuwa tunayalalamikia ndo yanayonirudisha.

Kwanza mjue nimetokea wapi. San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwenye PlayStation 2, na mtaani kwetu ilifika kama vitu vingine vinavyofika, CD ya kuchoma ndani ya kimfuko cha nailoni, kwenye banda la gemu lenye tivii tano za chogo na viti vya plastiki vilivyofungwa kamba miguu. Mpira ulilipiwa kwa mechi, GTA ililipiwa kwa muda, mia tano nusu saa, na ukishakaa pale nyuma yako kuna madogo saba wanakuelekeza, pita huku, mpige yule, chukua ile pikipiki. Stori hakuna aliyekuwa anaifuata. Memori kadi ya banda ilikuwa imejaa seivu za mpira, kwa hiyo kila siku CJ, mhusika unayemchezesha, alikuwa anaanza upya kule kwao Grove Street kama hajawahi kufanya lolote maishani, na sisi tulichokuwa nacho ni daftari la kodi, yaani mpangilio wa siri wa vitufe vya kuidanganya gemu. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: CJ anajaziwa afya, anavalishwa fulana ya kuzuia risasi, na anapewa dola laki mbili na nusu hapohapo. Vidole vyangu vinaikumbuka hiyo kuliko namba ya simu ya mama yangu, na sisemi hivo kwa kujisifu.

Shikeni hiyo laki mbili na nusu, tutairudia.

Kwa hiyo San Andreas kwetu ilikuwa uwanja wa fujo wenye miji mitatu, jangwa, mlima, jim ya kujaza mwili, ndege za kila aina na parashuti ya kurukia. Halafu Aprili 29, 2008 ikatoka GTA IV, na haikuja kabisa kwenye PS2, ilitaka PS3 au Xbox 360, yaani kwa mabanda ya gemu ilikuwa ni habari ya watu wengine. Tulikuwa tunaisikia tu. Tukasikia siku ya kwanza imeuza kopi milioni 3.6, wiki ya kwanza milioni sita na hela imefika dola milioni 500, tukasikia wachambuzi wa magemu wameipa alama mpaka wastani wake kwenye tovuti ya Metacritic umesimama kwenye 98 kwa 100, kitu ambacho magemu machache sana yamewahi kukifikia. Ukisikia hivo unajua moja kwa moja kwamba San Andreas imeongezewa kila kitu mara mbili, miji sita, ndege za abiria, labda unaenda na mwezini.

Kumbe mji mmoja. Ndege hakuna, helikopta tu. Parashuti hakuna. Jim hakuna, Niko hanenepi hata umlishe baga mchana kutwa. Rangi zote za kijivu na kahawia kama picha iliyosahaulika juani. Gari zinalala upande kwenye kona kama mtumbwi uliozidiwa na mzigo. Na kila dakika kumi ndugu yako anakupigia mkacheze boulingi. Mashabiki wakagawanyika palepale, na ugomvi huo ulikuwa wa nyumbani kabisa, kati ya watu wanaoipenda GTA wenyewe kwa wenyewe, wachambuzi walishamaliza kazi yao wakaenda zao.

Nilipoigusa mara ya kwanza, kwa rafiki yangu ambaye kwao walikuwa na PS3, nilidumu kama saa moja hivi nikamrudishia padi. Nilimwambia imepooza. Alikasirika kidogo nadhani, maana kwao walikuwa wanaionea fahari.

Kilichonibadilisha ni msiba. Mtoto wa baba yangu mkubwa alikuwa Uingereza miaka mingi, kaondoka mimi niko darasa la tano, na picha zake ndo zilikuwa mapambo ya sebule kwa bibi. Kaegemea gari nyeusi. Kasimama mbele ya nyumba ya ghorofa yenye maua. Tukiwa wadogo tulikuwa tunabishana hiyo gari ni aina gani na inakimbia kiasi gani. Baba mkubwa alipofariki jamaa akaja kuzika, masanduku mawili, koti zuri, watu wanamzunguka, na siku ya tatu usiku wakati wengine wamelala kwenye turubai akanivuta pembeni akaniomba hela ya vocha. Nilidhani utani. Hapo ndo akaanza kunieleza taratibu, gari ilikuwa ya jirani, ile nyumba yenye maua alikuwa anaishi chumba kimoja cha nyuma na wenzie watatu, na kazi yenyewe ni ghala la usiku, kubeba boksi kama boksi kweli, sio ule msemo wetu tu. Nauli ya kuja kuzika kakopa.

Miezi michache baadaye nikairudia GTA IV, safari hii kwenye kompyuta yangu. Naomba mwisikilize inavyoanza kwa masikio yetu sisi. Meli ya mizigo inayoitwa Platypus inafunga gati Liberty City usiku. Anashuka jamaa anaitwa Niko Bellic, katokea Balkani, kapigana vita akiwa kijana mdogo, kabeba begi moja. Kaja kwa sababu ndugu yake Roman amekuwa akimwandikia kwamba huku maisha ni jumba la kifahari, gari za michezo, wanawake wawili. Roman anachelewa kumpokea, anafika kalewa, Niko ndo inabidi aendeshe. Wanafika kwenye jumba lenyewe. Ni kachumba. Roman ana kampuni ya teksi iliyochoka pale Hove Beach, anadaiwa na wakopeshaji wanaokuja kumtafuta kwa mapanga ya maneno na mengineyo, anacheza kamari, na kuna Mrusi mmoja anaitwa Vlad anamnyanyasa mpaka kwenye mapenzi yake. Basi hiyo ndo Marekani.

Nilisimamisha gemu nikacheka peke yangu, kicheko kile kisicho na raha. Hii stori naijua. Nimeiona kwenye turubai la msiba. Aliyeiandika, Dan Houser na mwenzie Rupert Humphries, sidhani walikuwa wanawafikiria wabeba boksi wa Bongo, studio yenyewe iko Edinburgh huko Scotland na mji waliouiga ni New York, lakini ukiwa umekulia kwenye familia yenye mtu ughaibuni hiyo dakika kumi ya kwanza inakupiga sehemu ambayo CJ na ndege zake za vita hawajawahi kufika.

Na sasa turudi kwenye simu. Kwa Kiingereza Roman anamwita Niko “cousin” muda wote, hilo neno ndo limekuwa la kutaniania, na sisi tukalitafsiri binamu. Mi nasema tumekosea. Wote wawili ni Bellic, ukoo mmoja, na kwa hesabu ya jina hilo baba zao ni wa tumbo moja. Kwetu mtoto wa baba mkubwa sio binamu, binamu ni wa mjomba na shangazi, ambaye unaweza ukamtania na akakutania mkaishia hapo. Huyu ni kaka yako. Akikupigia hupokei kwa sababu una nafasi, unapokea kwa sababu ni yeye. Ndo maana kuna mfumo mzima pale nyuma ya pazia unaohesabu: ukikataa mara kwa mara, mapenzi yake kwako yanashuka, ukikubali halafu usitokee analalamika, ukimtoa vizuri yanapanda, na yakipanda vya kutosha anakupa teksi za bure mji mzima. Hata ule ujanja waliougundua wachezaji, kwamba bora ukubali kwanza halafu umpigie mwenyewe kuahirisha kuliko kukataa pale pale, nani hapa hajawahi kuutumia kwa shemeji yake? Nakuja, nakuja, foleni tu.

Halafu kuna kitu wasonyaji wengi hawakijui au wamekisahau. Simu ya Niko ina sehemu ya kuilaza. Unaingia kwenye mipangilio, unailaza, marafiki hawakupati tena, kimya. Kwa hiyo hakuna aliyekulazimisha. Waliotengeneza walikuwekea kabisa kitufe cha kuwazima ndugu, na ukiwa mkweli na nafsi yako utakubali kwamba hukukibonyeza kwa sababu ulikuwa unataka simu iite halafu upate wa kumlaumu. Mimi pia sikukibonyeza.

Kuhusu gari nitasema machache ingawa hapa ndo kelele zilikuwa nyingi kuliko kwingine. Ile injini mpya ya gemu yenyewe, yaani programu inayoiendesha, RAGE, waliichanganya na teknolojia inaitwa Euphoria kutoka kampuni moja ya Oxford, NaturalMotion, ambayo haichezi mwendo uliorekodiwa tu, inampa mtu wa ndani ya gemu misuli na kujishikilia, kwa hiyo ukimsukuma mtu ngazini anatafuta pa kushika, anayumba, anakaa, anaangalia goti. Mlevi anatembea kilevi. Na Niko mwenyewe akigonga ukuta kwa kasi anatokea kwenye kioo cha mbele anaruka na kutua kwenye lami, mara ya kwanza nilipiga kelele nyumba nzima ikaja. Watu waliozoea San Andreas, ambako gari inageuka kama panzi, waliona huu ni uzito usio na sababu. Mi mwanzoni niligonga kila nguzo ya Broker, upande wa mji anakoanzia Niko. Halafu siku moja nikaacha kukimbia. Nikaanza kukanyaga breki kabla ya kona, nikauachia usukani urudi wenyewe, na ghafla nikaelewa kwamba hizi gari zinaendeshwa kama umebeba abiria, na kweli umebeba, maana nusu ya gemu kuna mtu kiti cha pembeni anaongea na stori iko kwenye hayo maongezi. Ukiendesha kama kichaa unafika haraka na hujasikia kitu. Madaraja yana vibanda vya kulipia dola tano, unaweza ukapitiliza na polisi wakakuandama, au ukasimama ukalipa kama mtu. Nilishangaa siku niliyojikuta nasimama nalipa bila kufikiria.

Sasa laki mbili na nusu. GTA IV nayo ina kodi, unazipiga kama namba za simu, unapata silaha, unapata afya, polisi wanaondoka. Lakini kodi ya hela haipo. Nilitafuta sana. Haipo kabisa. Kuna misheni moja katikati inaitwa Three Leaf Clover, nadhani ndo misheni bora katika mfululizo mzima na sibishani na mtu kuhusu hili. Niko na wale ndugu wa ki-Irishi wa familia ya McReary, Packie na Derrick, pamoja na Michael ambaye ni mropokaji, wanaingia benki wamevaa suti. Mmoja wa mateka anageuka kuwa na bastola na Michael anapigwa risasi anafia pale pale sakafuni, yaani bado hata hamjatoka mlangoni. Kuanzia hapo ni risasi mtaa kwa mtaa, polisi wanamwagika kama siafu, mnakimbia mpaka mnazama kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, mnatokea kwingine, mnaiba gari, mnaondoka. Mgao wa Niko: dola laki mbili na elfu hamsini.

Ile ile. Namba ile ile tuliyokuwa tunaipata kwa kubonyeza mara kumi na mbili ndani ya sekunde tano pale bandani. Sijui kama walifanya makusudi na sitaki kujua, ila nilipoiona pale juu kulia kwenye skrini nilikaa kimya muda. Kule ilikuwa inanyesha kutoka mbinguni kila ukitaka, huku kuna mtu kafa. Na cha kuuma zaidi, ukishazipata huna pa kuzipeleka. Nyumba huwezi kununua, biashara huwezi, unabaki kununua suti na risasi. Watu wanaiweka hiyo kwenye orodha ya mapungufu na kama gemu ni pungufu kweli, sikatai, mtu anataka kutumia jasho lake. Ila yule ndugu yangu wa ghalani alivyoniambia kwamba kila aliyoipata ilikuwa imeshaisha kabla haijafika mkononi, nilijua anaongelea nini.

Kinachomsukuma Niko siku zote sio hela lakini. Kule vitani vijana kumi na tano wa kijijini kwao waliviziwa, kumi na wawili wakafa, kwa sababu mmoja wao aliwauza. Niko kavuka bahari anamtafuta huyo mtu. Unaenda na hicho kinyongo saa na masaa ya gemu, unaua huyu kwa ajili ya taarifa, unamfanyia kazi yule kwa ahadi, mpaka hatimaye wakubwa fulani wa siri wanamkamata Darko Brevic huko Bucharest wanamleta uwanja wa ndege wanakukabidhi kama kifurushi. Nilikuwa nimejiandaa. Kumbe ni teja. Kakonda, anatetemeka, hata akili hana sawasawa. Niko anamuuliza alilipwa kiasi gani kuwauza wenzie na jibu ni dola elfu moja, Niko anachanganyikiwa, elfu moja tu, na yule teja anamgeuzia swali, kwani wewe kuua mtu unachaji ngapi?

Gemu ya kupiga watu risasi ikikuuliza hivo huna jibu, kwa sababu risiti iko kwenye menyu. Nilibonyeza pozi nikaingia kwenye takwimu, kuna mstari unahesabu watu uliowaua, mimi nilikuwa mia sita na kitu, na wengi wao hata stori haikunituma. Kuna wanaosema hapo ndo gemu inajipinga yenyewe, Niko analia kwenye video fupi kwamba kachoka na damu halafu ukishika padi anaua mtaa mzima. Hoja hiyo ni nzuri na inasumbua kweli, na Darko hajaitatua. Kaisema tu kwa sauti. Kwangu hiyo ilitosha, wengine haikuwatosha, na hapo sidhani kuna atakayemshinda mwenzie.

Mabovu yapo na nitayataja haraka haraka ili msinione mshabiki kipofu. Misheni nyingi mno ni zile zile, nenda, fukuzana, piga, kimbia polisi. Ukifa mwishoni unarudia toka mwanzo wa kabisa, na safari yote ya barabarani tena, maongezi yale yale. Wanawake wameandikwa nusu nusu, Kate, dada yao kina McReary, namhurumia kwa sababu tunatakiwa tumpende na hatukupewa muda wa kumjua. Na toleo la kompyuta, lililotoka Desemba 2008, lilikuwa zito mpaka watu wenye mashine za maana walipiga kelele, sembuse ile yangu iliyokuwa inatoa moshi wa mawazo, nilicheza nusu ya kwanza kwa grafiksi za chini kabisa, Niko hana kivuli, mji hauna magari. Hata Rockstar, waliotengeneza gemu hii, nadhani walisikia kilio cha waliotaka raha, maana ile nyongeza ya Oktoba 2009, The Ballad of Gay Tony, ilirudisha parashuti, ikaleta deraya na helikopta ya kivita na klabu za usiku zenye taa, kama mtu anayekuletea soda baada ya kukuchapa.

Redio lakini. Redio siwezi kuipita haraka. Kuna stesheni inaitwa IF99, fanki ya kimataifa, na mtangazaji wake ni Femi Kuti mwenyewe, mtoto wa Fela. Kaa ufikirie, uko kwenye teksi mbovu ya mtu wa Balkani kwenye New York ya bandia iliyotengenezwa na Waskoti, na sauti inayokuongoza usiku ni ya Mnaijeria anampiga baba yake na Manu Dibango wa Kameruni. Banda zima la gemu tulikuwa hatujui kwamba Afrika imo mle ndani. Kuna na stesheni ya Warusi, Vladivostok FM, ambayo ndo ilikuwa sauti ya Hove Beach, na Aprili 2018 leseni za miaka kumi zilipoisha nyimbo kibao zikaondolewa kwa apdeti, Vladivostok ikapigwa vibaya zaidi, wakaweka nyingine badala yake. Niliumia kama vile mtu kaingia nyumbani kabadilisha picha za ukutani. Zile mpya sio mbaya, ila sio zile.

Ilipotoka GTA V mwaka 2013 wote tuliokuwa tunabishana tulinyamaza kidogo. Ndege zimerudi, gari zinashika barabara kama zimegundishwa, jua linawaka, wahusika watatu. Nilifurahi, sitadanganya, na dunia ilifurahi mpaka imenunua kopi zaidi ya milioni 200. Lakini baada ya muda zikaanza kutokea video za kulinganisha, mtu anagonga gari ile ile pande zote mbili, anasukuma mtu ngazini pande zote mbili, na mara kwa mara ile ya zamani ya kijivu ndo boneti yake inabonyea kama bati kweli na mtu wake ndo anaanguka kama mtu. Vijana waliokuwa wanaikejeli wakaanza kusema kumbe. Na kwenye V simu inaita pia, ila hakuna hata mmoja kati ya wale watatu ambaye ningeamka usiku kwa ajili yake.

Mwisho wenyewe, kama hujaicheza na unapanga kuicheza ruka aya mbili hizi. Karibu na mwisho Niko anawekwa njia panda, afanye dili na Dimitri Rascalov, mtu aliyemsaliti na kuwachomea moto nyumba na ofisi ya teksi, ili wapate hela nyingi, au akamlipizie kisasi. Kate anamwambia asiuze utu wake. Roman anamwambia chukua hela, tuanze maisha, tumeteseka vya kutosha. Mara ya kwanza nilimsikiliza Roman. Ningemsikiliza nani mwingine, ndo kaka yangu. Nikachukua dili, na siku ya harusi yake Roman, nje ya kanisa, anakuja mtu na bunduki kwa ajili ya Niko, wanapambana, na risasi inampata bwana harusi.

Stori ikaendelea, nikamfukuza Dimitri, nikamaliza, majina ya waliotengeneza yakapita yote nikayaacha yapite. Kisha mji unarudishiwa, uko huru, fanya unachotaka. Niliendesha mpaka Hove Beach nikapaki karibu na pale ofisi ya teksi ilipokuwa, mvua inanyesha kama kawaida ya mle, wapita njia na miavuli. Simu ikaita nikashtuka nikaipokea haraka. Brucie, rafiki mwingine. Anataka tutoke. Nikakata.

Nikafungua seivu ya zamani, ya kabla ya dili, Niko akaamka kitandani, nikamsimamisha tu pale chumbani sifanyi kitu. Ilichukua kama dakika sita. Roman akapiga, akasema boulingi, nikakubali, nikamfuata, nikaendesha taratibu anaongea njia nzima mpaka Firefly Island, na akanifunga.